Kidole cha Tooba

Shagufta alimchora mwanawe kidole siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kwa kalamu ileile aliyokuwa akitilia alama mafungu ya bangili. Alimketisha Tooba kwenye kizingiti palipokuwa na mwanga, akamshika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akavuta mstari mweusi juu ya ukucha na kuushusha mpaka kwenye nyama, kama wanavyofanya wale watu wa chanjo. Halafu akapuliza ukauke. Bi Qudsia, mama mkwe wake, ndiye aliyemkabidhi kalamu, na sasa alikuwa amesimama mlangoni anachungulia uchochoro.

"Mama, mbona mimi sijadungwa?" Tooba aliuliza. Alikuwa na miaka minane na hakuna kitu alichokiacha kipite bila swali.

"Kwani unataka kudungwa?"

"Sitaki."

"Basi nyamaza. Mtu akikuuliza, umechanjwa shuleni."

"Na baba akiniuliza?"

Shagufta alikirudisha kifuniko cha kalamu, kikagoma, akakirudisha tena. "Baba yako naye mwambie hivyohivyo."

Msikimbilie kumlaani. Mimi ni mtu wa uchochoro ule, nimezaliwa pale na vidole vyangu vimeungua pale, na nawaapia mwaka ule ungehesabu vidole kumi vyenye wino, vinne vingekuwa vya wino wa nyumbani. Kazi yetu sote ni bangili. Bangili za kioo hutoka tanurini zimekunjwa duara lakini ncha hazijakutana, na wanawake ndio wanaoziunga mojamoja majumbani juu ya mwali wa gesi. Feni haiwashwi, maana upepo unauyumbisha mwali, hata kama joto ni la kuua kuku. Kila nyumba ina alama yake kwenye mafungu, ili dalali asije akampa huyu ujira wa yule. Alama ya nyumba ya Shagufta ilikuwa mstari mweusi. Kwa hiyo serikali ilipokuja na mtindo wa kumtambua mtoto aliyechanjwa kwa mstari wa wino kidoleni, uchochoro mzima ulicheka. Jamani, wino! Watu hawa wanatuletea sisi wino!

Na hofu ilikuwapo, tena hofu yenye miguu. Mwaka uleule, kaskazini mwa mkoa, watoto mamia walikuwa wamekutwa na virusi vya UKIMWI, na ilisemekana ni sindano za zahanati zilizotumika mara mbili, mara tatu. Kila mama wa mji wetu, Hyderabad, alikuwa amewaona watoto wale kwenye simu ya jirani. Miezi michache baadaye inakuja sindano mpya, ya taifodi, haijatumika popote kwa wingi namna ile, na inakuja bure.

"Miaka kumi na moja maji ya mfereji yananuka choo," Bi Qudsia alikuwa amesema jana yake wakati wa chakula, chapati mkononi. "Tumeandika barua. Tumepeleka chupa ya maji yenyewe ofisini, karani akaziba pua. Hakuna aliyekuja. Leo wako mlangoni kwangu, meno nje, na sindano mpya ya bure. Kwa nini? Tangu lini wametupenda hivyo?"

"Mama, taifodi inatokana na maji hayohayo," alisema Irshad, mwanawe. Alikuwa mtu wa tanurini, amesoma mpaka darasa la nane, na redio ilikuwa haimpiti.

"Basi walete mabomba!"

Irshad alisukuma sahani yake kando. Hilo la mabomba hata mimi naliuliza mpaka leo. Lakini Irshad alikuwa ameamua, na mtu wa tanurini akiamua hupandisha sauti. Alimgeukia mkewe. "Mama Tooba, taifodi ya siku hizi haisikii dawa. Kesho nikirudi nimkute mtoto kachanjwa. Sitaki hadithi. Na kama hakuchanjwa, fungasha ukalale kwenu, na watoto uniachie."

Aliyasema kwa ajili ya kumtisha, na alifanikiwa. Shagufta akawa na hofu mbili, ya sindano na ya mume, na ile kalamu ndiyo pekee iliyoonekana kuzitosha zote mbili.

Saa sita Kausar aligonga mlango. Kausar ni mwanamke wa mtaa wa pili, mjane, mfanyakazi wa afya wa kulipwa kwa siku, na siku ile alikuwa amebeba kisanduku cha barafu chenye chanjo tangu alfajiri. Nyumba moja walikuwa wamemmwagia maji ya vyombo. Pindo la nguo yake lilikuwa bado limeganda kwa mafuta.

"Watoto?"

"Mmoja tu wa umri wenu," Bi Qudsia alisema. "Huyu mdogo, Shayan, ndiyo kwanza miezi minne. Na mkubwa keshachanjwa shuleni. Tooba! Njoo umwoneshe shangazi kidole."

Tooba alikinyoosha kidole huku akitazama ukuta. Kausar akakishika, akakigeuza.

"Mstari mnene huu," alisema.

"Labda wa shuleni kwao mkono wake mzito," Bi Qudsia alidakia.

"Na kadi yake?"

"Mwalimu kabaki nayo."

Kausar aliinua macho akamtazama Shagufta, na Shagufta akainamia mwali wake na kuunga bangili mbili upesi. Nyumba arobaini na tatu zilikuwa bado zinamngoja, na msimamizi alitaka hesabu kabla ya magharibi. Kausar alifungua daftari, akaandika, akabeba kisanduku chake.

Irshad alirudi jioni, na jambo la kwanza aliuliza kidole. Alipokiona alikibusu. Alikuwa amenunua jalebi za moto zinazochuruzika shira, akamlisha mwanawe moja baada ya nyingine, akamwambia yeye ni binti shujaa, na Tooba akala zote, lakini hakucheka.

*

Homa ilianza Aprili, mwanzo wa joto. Wino ulikuwa umetoka zamani na hakuna aliyekuwa akiufikiria isipokuwa mtu mmoja.

Siku tano walimpeleka kwa daktari wa kona, yule anayemtundikia kila mtu chupa ya maji, awe anaumwa jino au ana uchungu wa kuzaa. Siku ya sita Tooba hakuweza kusimama. Siku ya saba, Jumamosi, Irshad alimbeba mgongoni mpaka barabarani, wakapanda riksha kwenda hospitali ya serikali.

Wodini kila kitanda kilikuwa na watoto wawili. Daktari alikuwa mwanamke kijana aitwaye Sumbul, macho mekundu, ndala miguuni, na alikuwa anakula biskuti huku anaandika.

"Homa siku ngapi?"

"Ya saba leo."

"Tumbo?"

"Linamuuma. Aliharisha, sasa hapati choo kabisa."

"Alipata ile chanjo mpya ya taifodi, ya Novemba?"

"Alipata!" Irshad alijibu swali halijaisha. "Kidole nilikiona kwa macho yangu haya. Mimi si kama hawa wajinga wa mtaani kwetu, daktari. Mimi mwenyewe ndiye niliyeamrisha."

"Kadi mnayo?"

Irshad akamgeukia mkewe.

"Ilipotea," Shagufta alisema. "Tulipokuwa tunapaka chokaa."

Daktari Sumbul aliacha kuandika. "Mama, wewe ndiye uliyekuwa nyumbani siku ile. Alidungwa?"

Kulikuwa na mwanamke mwingine kitanda kilekile, na Irshad, na muuguzi, na wote walikuwa wanamtazama. Shagufta aliushika mtandio wake kwa meno. Tooba, kichwa mapajani pake, alikuwa amefumbua macho na yeye pia anamtazama.

"Sema, mama Tooba, daktari anakuuliza," Irshad alisema. Sauti yake ilikuwa na fahari, kama ya mtu anayemwambia mtoto wake asome shairi mbele ya wageni.

"Ndiyo," Shagufta alisema.

"Afadhali," alisema daktari. "Basi tunaanza na dawa za kawaida, tunapima malaria na dengi, na damu inakwenda maabara. Majibu ya damu ni siku nne au tano. Kuna dawa moja kali ya ile taifodi sugu, lakini chupa zake ni chache mno, hizo tumewawekea wasiochanjwa. Huyu wenu ana nafasi nzuri kuliko hawa."

Irshad alimshukuru mara tatu. Aliyazungusha macho wodini, kwa wale wazazi wengine, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi niliwaambia."

*

Jumapili homa haikushuka. Bi Qudsia alikuja na sufuria ya wali wa dengu, akasubiri mwanawe atoke kununua chai, akainama sikioni kwa mkwewe.

"Umesema chochote?"

"Sijasema."

"Fyata ulimi. Homa ni homa, zinakuja zinaondoka. Ukisema leo, kesho huna mume, na yule mdogo huna. Na mimi mwanangu atanitazamaje?"

"Mama, dawa kali zimewekewa wengine."

"Nani kakwambia hii ni taifodi? Daktari kasema? Hajasema. Basi tuliza moyo."

Shagufta alijaribu kuutuliza. Alimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji, akamhesabia pumzi, akamwekea Mungu nadhiri, akaongeza nadhiri juu ya nadhiri. Tumbo la Tooba lilikuwa limevimba na kukaza. Jumatatu adhuhuri, Irshad akiwa amesinzia sakafuni, mtoto alimvuta mtandio.

"Mama."

"Naam, roho yangu."

"Nimwambie daktari kuwa mimi sijadungwa?"

Shagufta alimfunika mpaka kidevuni. Alimtazama Irshad, hakuamka.

"Lala, mwanangu."

"Sitamwambia baba. Nitamwambia daktari tu."

"Lala. Mama atasema."

"Leo?"

"Leo."

Hakusema siku ile. Alisimama mara mbili kumfuata daktari koridoni, na mara zote mbili kulikuwa na watu. Akajiambia kesho. Mimi namjua Shagufta, ni mtu ambaye angeingia tanurini kwa ajili ya mwanawe bila kuvua viatu, na bado neno moja lilimshinda siku nzima.

Jumanne asubuhi Irshad alikwenda tanurini kuomba ruhusa na kuchukua chochote cha ujira wake. Mgongo wake ulipopotea tu mlangoni, Shagufta alimkimbilia daktari Sumbul aliyekuwa kitanda cha nne, akamshika mkono wa koti.

"Daktari. Hakuchanjwa."

"Nani?"

"Mwanangu. Tooba. Nilimchora kidole mimi mwenyewe. Hakuwahi kudungwa."

Daktari alitia kalamu mfukoni. Kisha alisema polepole, "Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku tatu umekaa hapo unanitazama naingia na kutoka."

"Nilimwogopa baba yake."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza wewe, si baba yake!" Wodi nzima ilikuwa imegeuka kutazama. "Mnatuona sisi wauaji, sindano zetu sumu, halafu mnatuletea watoto wakiwa hivi, na hata hapa mnaficha! Nimempa mtoto wa kitanda cha jirani dawa ya mwanao, unaelewa? Nimempa kwa sababu ya mdomo wako!"

Mama wa kitanda cha jirani alimvuta mwanawe karibu, kana kwamba Shagufta angemnyang'anya ile dawa mishipani. Mwingine akasema "Astaghfirullah" na kugeuza uso. Shagufta alipiga magoti akashika ndala za daktari.

"Nipige. Nitukane. Mpe dawa, lakini baba yake usimwambie."

"Sina muda wa mume wako," daktari alisema, akajinasua. Alikuwa tayari anamwita muuguzi, anaita jina la dawa, anauliza zimebaki chupa ngapi. Muuguzi alipomwambia zimebaki mbili, akasema zile mbili zote.

Irshad aliporudi na mkate na ndizi aliona chupa mpya imetundikwa, ndogo, yenye karatasi nyeupe.

"Dawa imebadilishwa?"

"Daktari kaamua," Shagufta alisema.

Irshad alimwamkia daktari Sumbul alipopita. Daktari aliitikia salamu yake bila kumtupia jicho mkewe, na Irshad alilishangaa hilo kidogo, kisha akalisahau.

Jumatano utumbo wa Tooba ulitoboka. Walimpasua usiku huohuo. Alhamisi, adhana ya alasiri ikiadhiniwa, alikata roho, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya mkono wa baba yake.

*

Majibu ya damu yalichelewa mpaka Ijumaa, wakati watu wanarudi kutoka makaburini. Irshad alikwenda kuyachukua mwenyewe, hakuna aliyejua kwa nini. Karani alimsomea: taifodi, ile sugu.

Kuna watu wanaovunjika wakawa wapole. Irshad hakuwa mmoja wao. Hata hitima ya siku ya tatu haijasomwa, alikuwa amesimama barazani mbele ya wanaume waliokuja kumpa mkono, karatasi ya maabara imekunjwa kiganjani.

"Niliwaamini," alisema. "Nyinyi nyote mliwakimbia, mimi niliwaamini. Niliwacheka nyinyi! Wamemdunga mwanangu maji. Wamemdunga maji, dawa yenyewe wameuza, wakampaka wino. Yule mtoto alikuwa na wino kidoleni na taifodi imemuua. Sasa nani ataniambia nini?"

Nani angemwambia nini? Alikuwa na ushahidi. Maneno yale yalitoka barazani yakaingia uchochoro wa pili na wa tatu, na kila yalipoingia yalinenepa. Maji yakawa sumu. Mtoto mmoja akawa watatu. Wanawake waliokuwa wamewachanja watoto wao walikuja kwa Farhat, jirani wa Shagufta, mwenye mdomo kama spika ya msikiti, kumuuliza kama kuna dawa ya kuitoa sindano mwilini, na Farhat akawaambia maziwa na manjano.

Shagufta alikuwa ndani na aliyasikia yote. Wageni walimkumbatia, wakamwambia, "Wewe ulifanya yote ya kufanywa. Ulimchanja kabisa mwanao." Aliitikia kwa kichwa. Hakukuwa na fedheha iliyomuuma kama huruma ile. Mama mkwe wake alikaa kando yake siku zote saba za matanga, goti kwa goti, na watu wakasema tazameni wanavyopendana.

Irshad hakumlaumu kwa lolote. Hata alimtengenezea chai, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu waoane. "Mimi ndiye niliyekulazimisha," alimwambia. "Wewe ulikuwa hutaki. Moyo wa mama ulijua." Shagufta alikunywa chai ile mpaka tone la mwisho.

*

Mwezi wa Mei Kausar alirudi. Mtaa ulikuwa na homa nyingine nne, mbili katika uchochoro ule, na ofisi ilikuwa imewatuma kutafuta watoto waliobaki na wachanga waliofikisha miezi tisa. Shayan alikuwa na miezi kumi.

Hakufika mlango wa tatu. Farhat alimkuta njiani, na nyuma ya Farhat wakatoka wengine kumi na tano, mikono bado ina joto la miali ya gesi.

"Umekuja kummalizia na wa pili?"

"Dada zangu, nisikilizeni..."

"Lete daftari!" Farhat alilichomoa kwapani mwake, akalipekua mpaka kurasa za Novemba, akasoma kwa kidole. "Nyumba ya kumi na saba. Tooba binti Irshad. Kachanjwa. Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu," Kausar alisema.

"Ulikiona kidole au hukukiona?"

"Nilikiona."

"Basi mbona kafa?"

Kausar alikikumbatia kisanduku chake cha barafu. Alikuwa ameukumbuka ule mstari mnene tangu siku aliyosikia msiba, na alikuwa amejiuliza peke yake mara nyingi. Lakini kusema kwamba alitilia shaka na bado akaandika ni kuikosa kazi siku hiyohiyo, na wanawe wanne wanaila kazi hiyo. Akasema, "Mungu ndiye anayejua."

Mtu akamvuta mtandio, ukaanguka. Irshad alitokea kutoka ndani, akakinyakua kisanduku cha barafu, akakibamiza ukutani. Barafu na vichupa vikatawanyika mtaroni. Kausar alijishika kichwa kwa mikono miwili, nywele wazi mbele ya wanaume, akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Hakuchanjwa."

Shagufta alikuwa amesimama mlangoni, Shayan kiunoni. Hakuna aliyemsikia. Akatoka mpaka katikati yao.

"Tooba hakuchanjwa! Nilimchora mimi, kwa kalamu ya mafungu! Huyu dada hakumdunga maji wala sumu. Hakumdunga kitu. Mwachieni."

Kelele zilikatika. Halafu Farhat alimsogelea, akamchukua Shayan kutoka mikononi mwake kwa upole, upole kabisa.

"Masikini wa Mungu," alisema. "Msiba umempanda kichwani."

"Si msiba! Nasema kweli!"

"Juzi alikuja mwanamke na mkoba hapa kwake," mwingine akasema nyuma. "Nilimwona. Wamempa kitu, aseme hivi."

"Alikuwa mke wa dalali, jamani! Alileta bangili!" Shagufta aligeuka huku na huku. Kila uso ulikuwa na huruma, na hakuna uso uliomsadiki. Akamwona Bi Qudsia kizingitini. "Mama! Waambie. Wewe ndiye uliyenipa kalamu. Ulisimama hapohapo."

Bi Qudsia alimtazama mkwewe, akamtazama mwanawe. Alikuwa mzee, na alikuwa na nyumba moja tu ya kufia.

"Mwanamke huyu halali, hali," aliuambia umati. "Mjukuu wangu alichanjwa. Namshuhudiza Mungu."

"Dada Kausar! Uliuona mstari. Ulisema ni mnene!"

Kausar alikuwa ameokota mtandio wake na anajifunga. "Mimi niliandika nilichokiona," alisema, bila kumtazama mtu. Akaliokota daftari lake na kisanduku kilichopasuka, akapita kando ya ukuta, na watu wakampisha, maana mchezo ulikuwa sasa umehamia kwa mwingine.

Walimketisha Shagufta chini. Mmoja alimpepea kwa kipande cha boksi, mmoja alimsomea aya na kumpulizia usoni. Aliwaambia tena, akawaambia siku, saa, kizingiti, Tooba alichouliza na yeye alichojibu, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa. Katika uchochoro mzima mtu mmoja tu ndiye aliyemsadiki.

Irshad alikuwa bado amesimama pale alipobamiza kisanduku. Aliwapita wanawake, akachuchumaa mbele ya mkewe.

"Jumanne," alisema. "Nilipokwenda tanurini. Dawa ilibadilishwa."

"Ndiyo."

"Ulimwambia daktari."

"Ndiyo."

"Baada ya siku tatu."

Shagufta aliitikia kwa kichwa huku analia. Irshad alijiinamia, uso mikononi. Alipouinua, Shagufta alimshika kiganja.

"Baba Tooba, niache, nipige, nifukuze. Lakini mchanje Shayan. Kausar hajafika mbali. Mwite. Homa iko nyumba ya pili na sindano ni salama, nakuapia."

"Wewe unaniapia," Irshad alisema. Hakupandisha sauti. "Uliponiambia kachanjwa nilikusadiki, nikala kiapo mbele ya daktari. Leo unaniambia hakuchanjwa, nakusadiki pia. Mama anaapa kwa Mungu. Yule ana daftari. Sasa kwa mtoto aliyebaki, nimshike nani mkono?"

"Mimi."

Irshad alikichomoa kiganja chake. Kisha akasimama, akamchukua Shayan kutoka kwa Farhat, akaingia ndani, akatia komeo.

Mwisho wa uchochoro Kausar alisimama kivulini, akafungua daftari juu ya goti, akatafuta nyumba ya kumi na saba, akaandika: wamekataa. Shagufta aligonga mlango mpaka jua likaanza kuondoka ukutani. Hakufunguliwa.